Kaye yenye nilikamata mu etidi: Manowari za Ziwa Tanganyika na njia ya Fungurume



Ukurasa huu wa masomo, kwa zamu yangu, ulipashwa kusema juu ya namna ya kujitayarisha kwa Egzetati. Sisi finalisti tuko na hofu nayo, na wadogo wetu wako na hamu ya kusikia tunavyohangaika. Lakini neno lingine limeingia mbele, na ninaomba ruhusa ya kulisema kwanza.

Siku moja mu etidi ya jioni nilipita katikati ya mabenchi sawa kawaida ya kapita. Mutoto mumoja wa madarasa ya chini (jina lake sitaandika, mwenyewe anajijua) alikuwa ameinama sana. Mwanafunzi mwenye kuinama vile juu ya algebra sijamuona bado, kwa hiyo nilikaribia. Nikakuta kaye yenye mistari ya rula, meli zenye mabomba ya moshi, na namba nyingi. Nikamuuliza, "Hii ni nini?"

"Mukubwa, haiko mambo ya mubaya. Niko natengeneza marine ya inchi yangu."

"Inchi yako gani?"

"Haiko. Njo nainvanta mi mwenyewe. Iko ku Tanganyika, mu miaka ya katikati ya vita mbili."

Darasa lote lilicheka. Mimi, juu ya kucheka kwao, nilikasirika kupita kipimo. Nikakamata kaye na nikampa kazi ya kufagia uwanja siku tatu. Hiyo ndiyo haki ya kapita, na sheria ya etidi inajulikana. Lakini usiku nilifungua ile kaye chini ya taa, na nikasoma mpaka ukurasa wa mwisho. Huyu mutoto ametumika kuliko finalisti wengi. Ameunda inchi yenye bandari mbili, ikiwa na manowari sita za doria za mwendo mwepesi, zile Wafaransa wanaita kruazeri leje. Kila moja ina tani 4,000, mizinga 12 ya milimita 152, mwendo wa mafundo 35. Kuko hata majina ya makapiteni.

Basi, somo la leo ni hili: manowari ya namna ile ni kitu gani, na je, ingeweza kufika ku Ziwa Tanganyika? Kwa bahati nzuri hatuna lazima ya kuinventa. Manowari zilipita kweli, na zilipita hapa kwetu Lubumbashi, kwa reli.

Tuanze na jina. Kruazeri ni meli ya vita yenye kusimama katikati. Si ile kubwa kabisa yenye chuma kinene kila upande, wala si mashua ndogo ya bandari. Kazi yake ni kwenda mbali peke yake, kulinda njia za biashara, kutafuta adui, na kukimbia ikikuta mwenye nguvu kuipita. Kwa hiyo inahitaji vitu vitatu pamoja: mwendo, mizinga ya kutosha, na akiba ya kutosha ya makaa au mafuta. Na hapo njo matata yanaanza. Ukiongeza mizinga unaongeza uzito. Ukiongeza mwendo unaongeza mashini, nayo mashini inakula nafasi ya makaa. Mwalimu wetu wa fizika atakubali nikisema kwamba, kwa meli ya kawaida, ukitaka mwendo mara mbili unahitaji nguvu karibu mara nane. Mwenye kaye ameandika mafundo 35 sawa vile mwendo ni zawadi. Fundo moja ni kilomita 1.85 kwa saa, kwa hiyo meli yake inakimbia karibu kilomita 65 kwa saa juu ya maji. Kuna mabasi ya mji wetu yasiyofika hapo.

Katika miaka ile ya katikati ya vita mbili, serikali kubwa zilikutana ili kuzuia mashindano ya manowari. Mapatano ya Washington ya 1922 yalisema kruazeri isipite tani 10,000, na mizinga yake isipite milimita 203. Mapatano ya London ya 1930 yaligawanya tena: yenye mizinga ya kufika milimita 155 iliitwa nyepesi, yenye kupita pale iliitwa nzito. Katika miaka ya 1930 Waingereza waliunda kruazeri nyepesi za aina ya Arethusa. Zilikuwa na tani kama 5,220, mizinga sita ya milimita 152, na mafundo 32. Sasa linganisha. Waingereza, wenye viwanda vya meli vya miaka mingi, kwa tani 5,220 walipata mizinga sita. Ndugu yetu, kwa tani 4,000, amepata 12. Nampongeza, lakini nadhani meli yake ingepinduka siku ya kwanza ya upepo.

Kruazeri ya kweli yenye kuhusu habari yetu iliitwa Königsberg, ya Wadachi. Ilikuwa na urefu wa mita 115, mizinga 10 ya milimita 105, mafundo 24, na watu zaidi ya 300. Ilifika Dar es Salaam katikati ya 1914, miezi michache mbele ya vita. Tarehe 20 Septemba 1914 iliingia asubuhi mu bandari ya Zanzibar na kuizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, yenye ilikuwa imesimama kwa kutengeneza mashini. Watu wa Königsberg walifurahi, lakini hesabu ya makaa haikuwafurahisha. Makaa yalikuwa haba, na mashini yake yenyewe iliharibika. Ikajificha mu mdomo wa mto Rufiji, katikati ya mikoko. Waingereza wakafunga mlango wa mto.

Hapa kuna fundisho la ufundi lenye napenda sana. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia, kwa sababu chini yao ilikuwa ndefu sana kwa maji ya mto. Wakaleta meli mbili pana zenye kuelea juu juu, Severn na Mersey. Hizo ziliundwa kwanza kwa ajili ya Brazil, zitumike ku mto Amazon. Zilikuwa za mwendo mdogo na za sura mbaya, sawa sanduku, lakini zilipita. Ndege ilizunguka juu ikiwaambia makombora yanaanguka wapi. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaisha. Wadachi walitoa mizinga yake mu maji, wakaiwekea magurudumu, na mmoja wao ukapanda reli mpaka Kigoma. Tutaukuta tena mbele.

Sasa twende ku ziwa. Fungueni karte mu vitabu vyenu vya jeografia. Tanganyika ina urefu wa kilomita 673, na kina chake kinafika karibu mita 1,470. Hapo meli yoyote inaelea, hata Königsberg. Lakini itafikaje? Ziwa liko juu, karibu mita 770 kuliko bahari. Maji yake yanatoka kwa mto Lukuga na kuingia Lualaba, na Lualaba inakuwa mto Kongo, na mto Kongo unaanguka kwa mawe mengi mbele ya Matadi. Hakuna meli ya bahari yenye kupanda pale. Kwa hiyo kila meli ya chuma ya Tanganyika ilifika vipande vipande, au ilibebwa.

Wadachi walichagua vipande. Meli yao Graf von Götzen iliundwa Papenburg mu 1913, ikafunguliwa, ikatiwa mu masanduku kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, kisha kwa reli kuelekea Kigoma. Reli ile ilimalizika 1914. Kule waliifunga tena kwa misumari ya chuma, na mwanzo wa Februari 1915 ikashuka ku maji. Urefu wake ulikuwa mita 71. Mbele yake waliweka ule mzinga wa Königsberg. Mbali na hiyo walikuwa na meli ndogo mbili, Hedwig von Wissmann na Kingani. Wabeljika upande wetu walikuwa na meli moja, Alexandre Delcommune, na Wadachi waliiharibu mwaka wa 1914, miezi ya kwanza ya vita. Basi ziwa lote likawa la Wadachi. Waliweza kupeleka askari popote ku pwani, na watu wa Lukuga (leo Kalemie) waliwatazama tu.

Mwaka wa 1915 mwindaji mmoja Mwingereza, John Lee, alipeleka shauri London: lete mashua mbili ndogo za petroli zenye mbio, uzibebe nzima nzima kupita Katanga. Wakubwa wa bahari walikubali. Mashua zilikuwa za mbao, urefu wa mita 12, mwendo wa mafundo 19, kila moja na mzinga mdogo mbele na bunduki ya Maxim nyuma. Mkubwa wao aliitwa Geoffrey Spicer-Simson. Alitaka kuziita Mbwa na Paka, wakamkatalia, akaziita Mimi na Toutou. (Kwetu jina Mimi linachekesha mara mbili.) Huyu bwana alikuwa na mambo yake. Kule ziwani alipenda kuvaa rinda mbele ya askari, na haikumsumbua kuchekwa.

Mashua zilipanda meli mu Juni 1915, zikashuka Cape Town, zikapanda treni. Zaidi ya kilomita 3,500 za reli. Mwisho wa Julai zilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi yetu. Reli ilikuwa imefika hapa 1910 tu, mji ulikuwa na miaka mitano. Wazeni: zile mashua za London, juu ya mabehewa, mu stasioni yetu, na watu wakizitazama. Kutoka hapa treni iliendelea mpaka Fungurume, na pale reli ilikuwa mwisho.

Mwenye kupita Fungurume leo anaona malori ya madini na vumbi. Mwezi wa Agosti 1915 kulikuwa njia ya miguu, pori, na milima ya Mitumba yenye ilipashwa kupandwa karibu mita 1,950. Mbele kulikuwa kilomita 235 mpaka Sankisia, pahali penye kipande kingine cha reli ya kufika Bukama ku Lualaba. Walitumia mashini mbili za mvuke za kuvuta, na ng'ombe wengi, na kamba zenye kuzungushwa ku miti wakati wa kupanda. Lakini mbele ya mashini kupita, njia ilipashwa kukatwa, na mito kuwekewa madaraja ya miti. Hiyo haikufanywa na ng'ombe, wala na mabaharia 28 wa Spicer-Simson. Ilifanywa na watu wa vijiji vya Katanga, mamia kwa mamia.

Tena ilikuwa mwisho wa kipwa. Mashini ya mvuke inakunywa maji, na vijito vilikuwa vikavu. Mashini zilisimama. Njo wanawake wa vijiji wakabeba maji ku kichwa, mu mitungi na vibuyu, kilomita nyingi, wakamimina mu tumbo la mashini ili iende tena kidogo.

Waliondoka Fungurume tarehe 18 Agosti, wakafika Sankisia tarehe 28 Septemba. Fanyeni hesabu: siku 41 kwa kilomita 235, haifike kilomita sita kwa siku. Mutoto wa shule anatembea zaidi akienda na kurudi. Kisha Bukama, na Lualaba yenye maji madogo, penye mashua zilikwama ku mchanga mara nyingi, kisha Kabalo, kisha treni tena mpaka karibu na Lukuga, mwisho wa Oktoba.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu ya ukurasa wa saba wa ile kaye. Ukurasa ule ni wa bei. Mwenye kaye ameandika kila kitu vizuri: chuma, mizinga, makombora, petroli, mishahara ya makapiteni. Mstari wa mwisho unasema: "Wabebaji: bure."

Nilipoona neno lile nilisahau kwamba nacheza. Kambo yangu mama ya baba ni mtu wa upande wa Mitwaba. Alitusimulia mara nyingi kwamba nyanya yake mwenyewe alikuwa na shingo yenye kuinama upande mumoja mpaka kufa, juu ya mizigo ya vita ya Wazungu ya kwanza. Sisi watoto tulizani ni hadisi ya kutisha ili tubebe maji bila kulalamika. Sisemi kwamba alibeba maji ya mashini za Mimi na Toutou. Hakuna mwenye kuweza kusema hivyo, kwa sababu majina ya wale wanawake hayakuandikwa. Tunajua jina la kila mashua. Tunajua Spicer-Simson alivaa nini. Katika vita ile Kongo ilitoa wabebaji zaidi ya 200,000, na wengi hawakurudi. Mkitafuta jina moja la mbebaji wa njia ya Fungurume, mtachoka.

Mu somo la Biblia la juma lililopita tulisoma Nehemia sura ya 3, na wengi walilala, nami niliwaona. Ni sura ya majina tu: fulani alijenga mlango, karibu naye fulani alijenga ukuta. Hata mabinti wa Shalumu wameandikwa, kwamba walijenga pamoja na baba yao. Nilikuwa nazani sura ile imewekwa ili kutujaribu uvumilivu. Sasa naisoma kwa macho mengine.

Basi, turudi ku maji. Mimi na Toutou zilishushwa mu ziwa tarehe 22 na 23 Desemba 1915. Tarehe 26 ilikuwa Siku ya Mungu. Waingereza walikuwa mu sala asubuhi wakati Kingani ilionekana ikipita. Spicer-Simson alimaliza sala kwanza, kisha wakaingia mu mashua. Kosa la Kingani lilikuwa kosa la muundo, na mwenye kaye aliandike: mzinga wake ulipiga mbele tu. Mashua mbili zenye mbio zilikuja kwa nyuma na kwa pembeni, na Kingani haikuweza kugeuka upesi. Kwa dakika kama 11 ilikwisha. Kapiteni wake alikufa, meli ikakamatwa, ikatengenezwa, ikaitwa Fifi.

Tarehe 9 Februari 1916 ilifika zamu ya Hedwig von Wissmann. Safari hii Fifi ilikuwa na mzinga mkubwa kuliko kipimo chake, na kila mara ulipopigwa, mashua yenyewe ilisukumwa nyuma na kupoteza mwendo. Hilo pia liandikwe: mzinga unasukuma pande mbili. Mimi ilikimbia mbele, ikamsumbua adui mpaka akageuka kujibu, na Fifi ikapata nafasi ya kufika. Ilibaki na makombora machache sana, na moja likapiga chumba cha mashini. Hedwig ikazama.

Halafu Götzen mwenyewe ikatokea, ikitafuta mwenzake. Waalimu, hapa wanafunzi wanapenda nisimulie vita kubwa. Haikuwa. Spicer-Simson aliitazama kwa darubini, akaona ule mzinga wa kruazeri, akakataa kutoka. Wasaidizi wake walikasirika, na wengi mpaka leo wanamuita mwoga. Mimi nasema alipiga hesabu. Mzinga wa milimita 105 ungezivunja mashua za mbao kutoka mbali, zisipate hata nafasi ya kukaribia. Alikuwa mtu wa majivuno, lakini siku ile hesabu yake haikuwa mbaya.

Götzen haikuzamishwa na manowari yoyote. Mu Juni 1916 Wabeljika walileta ndege za maji, nazo pia vipande vipande, wakatupa mabomu ku Kigoma. Wakati ule mzinga wa Königsberg ulikuwa umekwisha kutolewa na kupelekwa kwa askari wa nchi kavu, na Wadachi waliweka mzinga wa uongo wa mbao mahali pake. Mwisho wa Julai, askari wa Kongo wakikaribia, Wadachi wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma. Mafundi wake, mbele ya kufungua maji, walipaka mashini mafuta mazito kila pahali, sawa vile mtu anafunika kitanda chenye atarudia.

Sasa tumefika miaka ya ndugu yetu, katikati ya vita mbili. Je, kulikuwa manowari ngapi ku Tanganyika? Upande wa mashariki ulikuwa umepewa Waingereza, upande wetu na Urundi uko kwa Wabeljika, na hawa walikuwa rafiki. Doria ya nini? Kazi ya ziwa ilikuwa watu, mihogo, chumvi, samaki, barua. Wabeljika waliinua Götzen, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza waliinua tena mu 1924, na walipofungua mashini wakakuta yale mafuta yamefanya kazi yake. Mwaka wa 1927 ilianza safari kwa jina Liemba. Ilibeba abiria kati ya Kigoma na Mpulungu miaka makumi kwa makumi. Mu 1997 ilirudisha wakimbizi wa inchi yetu, na mu 2015 iliwatoa wakimbizi wa Burundi pale Kagunga. Meli ya vita ya kweli ya miaka ile, basi, ilikuwa meli ya abiria.

Hata Mwingereza C. S. Forester, alipotoa hadisi yake The African Queen mu 1935, aliinventa ziwa lake na manowari yake. Kwa hiyo mwenye kaye asione haya. Wakubwa pia wanafanya vile, na wanalipwa.

Natoa sasa masahihisho yangu, sawa mwalimu mwenye biki nyekundu. Kwanza nilitaka kumuonea kwa hesabu hii: kama kila safari ya siku 41 inapitisha tani 10, meli moja ya tani 4,000 inahitaji safari 400, ndiyo siku 16,400, karibu miaka 45. Lakini sio haki. Inchi yake iko mu miaka ya 1920 na 1930, na reli ilikuwa imefika Bukama mu 1918. Hakuna tena kupanda Mitumba kwa ng'ombe. Mzigo unatoka Elisabethville kwa treni, unashuka Bukama, unapanda bato ya mto, unashuka Kabalo, unapanda treni mpaka Albertville (Kalemie). Ni kupakia na kupakua mara tatu. Kipande kimoja kisipite uzito wa behewa moja na nguvu ya kreni ya Bukama. Meli ya mita 70, sawa Götzen, inawezekana. Ya mita 115 pia, kwa karatasi, lakini itahitaji kiwanda ku pwani, mafundi wa misumari, na makaa. Makaa ya Luena yako karibu na njia, lakini si makaa ya kuwasha mbio ya mafundo 35.

Shauri langu: punguza. Zile meli sita zikae mbili, za tani 300 hivi, zenye kuelea juu juu ili ziingie midomo ya mito, mafundo 14, mzinga mmoja mbele na mmoja nyuma (kumbuka Kingani), na nafasi chini ya kubeba magonjwa na magunia, kwa maana inchi yako itakuwa na amani siku nyingi kuliko vita. Tanki ya kuni iwe kubwa kuliko ile umechora.

Na ukurasa wa saba uandikwe upya. Usiweke bure. Weka mishahara, chakula, dawa, na siku za kupumzika, kwa kila mbebaji na kila mwanamke wa maji. Utaona kwamba manowari ya tatu haitapatikana kwa bei yako, na pengine ya pili pia. Nimejaribu hesabu ile mwenyewe nyuma ya karatasi ya mazoezi ya kemia, na kila mara pesa zinaisha kati ya Fungurume na Sankisia.

Adabu ya kufagia siku tatu ilikuwa halali, kwa maana etidi ni etidi. Lakini kuisoma kaye ya mtu bila ruhusa haikuwa halali, na kumwacha achekwe mbele ya darasa haikuwa kazi ya kapita. Kwa hayo namuomba msamaha hapa, mahali penye wote wanasoma.

Wanafunzi wenye wazazi upande wa Fungurume, Lubudi, Bukama, Kabalo ao Kalemie: mkienda nyumbani mu likizo, mwulize wazee kama kuko jina lolote lililobaki la watu wa njia ile, mwanaume ao mwanamke. Mlete ku ofisi ya gazeti hili, hata kama ni jina moja tu, pamoja na kijiji. Tutaliandika.

Kaye iko salama mu sanduku yangu. Mwenyewe apite ku chumba cha kapita jioni mbele ya sala. Alete rula.